Matone Yakutanapo Mawinguni



Tangu mafuriko yaliyoikumba Dubai tarehe 16 Aprili 2024, swali moja limekuwa likiturudia, hasa kutoka kwa akina mama wenye watoto na waume wanaofanya kazi Ghuba. Je, ni kweli mvua ile ilitengenezwa na watu kwa umeme? Na ikiwa binadamu aweza kuyatia mawingu umeme yakanyesha, swala ya kuomba mvua yabakia na maana gani? Swali la pili ndilo zito. Nyumba zetu nyingi zingali zategemea maji ya mvua, na katika visiwa vya Lamu viko vijiji ambavyo jabia likikauka, watoto huenda chuoni na kiu.

Tuanze na wingu lenyewe. Wingu ni mkusanyiko wa vitone vidogo mno, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu 2 katika 100 za milimita. Tone la mvua la kawaida lina upana wa milimita 2 hivi. Kwa upana tofauti ni mara 100, lakini kwa ujazo yahitajika vitone milioni moja kufanya tone moja lenye uzito wa kufika ardhini. Mvuke hukikuza kitone upesi mwanzoni, kisha kasi hupungua. Katika mawingu yasiyo na barafu, njia iliyobaki ni vitone kugongana na kuungana.

Na kugongana kwenyewe si kwepesi. Jahazi likikata maji, omo huyasukuma maji pembeni, na jani la mwani lililoelea mbele huchukuliwa na maji hayo likapita ubavuni bila kuguswa. Tone kubwa lishukapo huifanyia hewa vivyo hivyo: hewa hulizunguka, na vitone vidogo hufuatana nayo vikaponyoka. Hata matone yakifikiana, utando mwembamba wa hewa hubanwa baina yao, na pengine yakadunda na kuachana.

Hapa ndipo umeme uingiapo. Mwaka 1879 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza jambo aliloliona katika mchirizi mwembamba wa maji uliorushwa juu. Matone yake yaligongana yakadunda na kutawanyika. Alipousogeza karibu mwili uliotiwa umeme kidogo kwa kusuguliwa, matone yaliacha kudunda, yakaungana, yakaanguka yakiwa makubwa.

Chaji zilizo kinyume huvutana, na hilo watoto wetu hulisoma shuleni. La ajabu ni kwamba hata vitone viwili vyenye chaji za aina moja vyaweza kuvutana vikikaribiana sana, iwapo kimoja kimezidi mwenziwe kwa ukubwa au kwa chaji. Kile chenye nguvu huzisukuma chaji za mwenziwe hadi upande wa mbali, na upande uliobaki karibu ukawa kinyume chake. Uga wa umeme nao una kazi yake. Ukipita katika wingu, huvifanya vitone viwe na ncha mbili zilizo kinyume, na ncha hizo hutafutana. Siku tulivu uga wa angani karibu na ardhi ni takriban volti 100 kwa kila mita. Ndani ya wingu la radi hufika makumi ya maelfu na zaidi.

Lakini nguvu hii ina mpaka, na wapo wanaoitangaza kuliko inavyostahili. Hufaa zaidi kwa vitone vidogo kabisa, vile ambavyo hewa huvipitisha pembeni. Tone likishakuwa kubwa, uzito wake humaliza kazi. Ushahidi mmoja wa kupendeza umetoka Lerwick, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskochi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading walizipitia kumbukumbu za miaka ya 1962 hadi 1964, wakati vumbi la majaribio ya mabomu ya nyuklia lilipoongeza chaji hewani. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020, siku zenye mionzi mingi zilipata mvua zaidi kwa asilimia 24 kuliko siku zenye mionzi michache. Wataalamu wa chuo hicho hicho, kwa ufadhili wa Umoja wa Falme za Kiarabu, wamejaribu ndege ndogo zisizo na rubani zinazotoa chaji.

Hayo ni majaribio. Mawingu ya huko kwa kawaida hutiwa chembe za chumvi kutoka kwenye ndege. Mvua ya Aprili 2024 ilitokana na mfumo mkubwa wa dhoruba, uliokwisha kuua watu Oman, wakiwamo wanafunzi, kabla ya kufika Dubai. Mahali pamoja karibu na Al Ain palipata zaidi ya milimita 250 katika muda usiotimia siku moja. Chaji haiumbi maji. Husaidia kuunganisha yaliyopo, na pasipo wingu haina la kufanya.

Kwa hiyo sioni mgongano na swala. Achimbaye kisima hajaumba maji, na hakuna aliyemwambia aache kuomba. Surat An-Nur, aya ya 43, yataja mawingu yanavyosukumwa na kuunganishwa kabla ya mvua kutoka, na muumini hufurahi kuisoma. Ila sipendi tabia ya kuigeuza aya kuwa kitabu cha fizikia. Nadharia za wanadamu hubadilika.

Wenye watoto wadadisi, wapeni kitana cha plastiki wakipitishe mara nyingi kwenye nywele kavu zisizo na mafuta, kisha wakisogeze karibu na mchirizi mwembamba wa mfereji bila kuugusa. Maji yatapinda kukifuata. Jaribuni siku kavu ya kaskazi, adhuhuri. Masika hewa yetu ina unyevu mwingi, na chaji hutoroka kabla kitana hakijafika kwenye maji.