Gari Lililokufa Lisiuzwe kama Zima

Mkulima wa pamba wa Bariadi anapofikisha mzigo wake ghalani, mzigo huo haupokelewi kwa maneno matupu. Pamba safi huwekwa peke yake na fifi peke yake, kila moja kwa bei yake. Anayetia maji au mchanga ili kuongeza uzito huvunja sheria. Lakini mwalimu au karani wa mji huohuo anapokwenda kununua gari lililotumika, huuziwa safi na fifi kwa bei moja, na akilalamika huambiwa kwamba macho alikuwa nayo.

Jambo lenyewe ni hili. Gari lenye bima kubwa likipata ajali mbaya, kampuni ya bima hupima gharama za matengenezo. Zikikaribia au kuzidi thamani ya gari, kampuni humlipa mwenyewe thamani hiyo, hulihesabu gari kuwa limekufa, na mabaki yake huuzwa. Hadi hapo hakuna kosa. Kosa huanza pale mabaki yanapoingia gereji, chasisi ikanyooshwa na kuungwa kwa moto, bodi ikapigwa rangi, na gari likarudi sokoni likisifiwa kwamba halijaguswa. Rangi hurudisha sura; hairudishi nguvu ya chuma kilichokunjika. Mfuko wa hewa uliokwisha kufumuka hauonekani kwamba haupo, mradi kifuniko chake kimerudishwa. Atakayegundua ni abiria, siku ya ajali ya pili, katika lami ya Lamadi au ya Maswa.

Ni nani basi anayeijua siri hii? Kampuni ya bima inajua, kwa kuwa ndiyo iliyolipa. Polisi wa usalama barabarani wanajua, kwa kuwa gari lililopata ajali hukaguliwa na taarifa ikaandikwa. Fundi anajua. Asiyejua ni mmoja tu, naye ndiye anayetoa fedha. Kadi ya gari humwonyesha namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa na jina la mwenyewe. Kuhusu ajali haina hata mstari mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi ndiye wa kujihadhari. Ni kweli kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka enzi za Mwingereza, imejengwa juu ya kanuni hiyo, ingawa humlinda kwa kiasi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa husika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza udanganyifu katika biashara. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi huo umefungiwa katika makabati ya wale wanaojua. Kumwambia mtu afungue macho huku umemzimia taa ni kumdhihaki.

Wapo pia watakaosema kwamba magari haya yakizuiwa, mtumishi mdogo atatembea kwa miguu. Hatusemi yazuiwe yote. Fifi nayo hununuliwa, lakini kwa jina lake na kwa bei yake.

Wenzetu wameweza. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2017, gari lililokatiwa tamaa na bima huwekwa katika moja ya madaraja manne: A huteketezwa lote, B hutolewa vipuri, lakini halirudi barabarani, S liliumia kiunzi, N halikuumia kiunzi. Huko Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, karatasi ya mnada huliandika gari lililotengenezwa baada ya ajali kwa herufi R au RA. Mara nyingi karatasi hiyo haimfikii mnunuzi wa Bariadi. Kinachomfikia ni sifa za dalali.

Hapana budi, basi, kampuni za bima zilazimishwe kupeleka namba ya chasisi ya kila gari lililokufa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kwa Mamlaka ya Mapato. Polisi nao wafanye hivyo, kwa sababu gari lenye bima ndogo halilipiwi likivunjika, na kampuni ya bima haina la kuandika. Kisha kadi igongwe muhuri, na muhuri huo uambatane na gari kwa kila mmiliki atakayefuata.

Kabla ya hayo kutimia, mtumishi asitie saini ya mkopo kwa kupendezwa na rangi. Makato hayangoji gari litembee. Yataendelea hata likiwa limelala juu ya mawe. Alinganishe namba ya chasisi iliyo kwenye gari na ile ya kadi. Athibitishe jina la mwenyewe katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Aidai karatasi ya mnada. Apeleke fundi anayemlipa yeye mwenyewe, achungulie viungo vya moto chini ya gari na nafasi zisizolingana za milango. Mwisho, amtake muuzaji aandike na kutia saini kwamba gari halijapata ajali kubwa wala kulipwa na bima kama lililokufa. Maandishi hayo ndiyo ushahidi ambao sheria itauomba kesho. Na muuzaji atakayekataa kuandika, atakuwa amekwisha kujibu.