Dungusi Dirishani, Mshubiri Jalalani

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kuandika kwamba jambo fulani ni chungu kama shubiri. Tumeiandika katika insha za sekondari, tumeirudia katika mitihani, na kesho tutawafundisha wengine waiandike. Muhula uliopita, katika hosteli ninayoishi mjini Jinja, niliwauliza wenzangu sita kama wamewahi kuitumia tashbihi hiyo. Wote walikubali. Nikawaomba wanionyeshe mshubiri wenyewe. Hakuna aliyeweza, ingawa mmoja wao alikuwa amesimama kando yake kabisa, nyuma ya jiko, pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo.

Wiki mbili baadaye jengo lilipakwa rangi. Mshubiri ule uling'olewa ukatupwa jalalani kwa kuwa ulimzuia fundi kuufikia ukuta. Jioni ya siku hiyohiyo, dungusi dogo la duara liliwekwa dirishani mwa ukumbi, ndani ya kikombe cheupe kisicho na tundu. Wenzangu walilipiga picha. Mimi nilikwenda jalalani.

Mtindo wa kufuga madungusi na mimea mingine minene, ile inayoweka maji katika majani na mashina yake, umeingia Jinja na Mbale, miji ambayo tangu Julai 2020 inaitwa majiji. Siupingi mtindo huo. Mimi mwenyewe nina makopo ishirini na mawili barazani. Ninachopinga ni namna tunavyoufuata: tunanunua tusichokijua, tunakiua kwa huruma, na wakati huohuo tunatupa au kuchimba kile kilichozaliwa hapa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, na msala nao tumeulowesha.

Nianze na kulowesha. Muuza maua mmoja wa kando ya barabara aliniambia dungusi lipewe maji kidogo kila asubuhi. Ushauri huo umeua mimea mingi kuliko jua. Mimea hii hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa imepoa, na kuvifunga mchana ili isipoteze maji. Imeumbwa kungoja. Mizizi yake ikikaa kwenye udongo uliolowa siku baada ya siku, inakosa hewa na kuoza, na shina linageuka laini kama ndizi iliyoiva mno. Tukumbuke pia tunaishi wapi. Jinja iko ukingoni mwa ziwa Nyanza, Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Septemba. Mtu anayemwagilia dungusi kila siku mwezi wa Aprili anafanya kazi ambayo mawingu yamekwisha kuifanya kupita kiasi.

Dawa yake si ghali. Changanya udongo sehemu moja, mchanga mkubwa sehemu moja, na vipande vya matofali yaliyovunjika sehemu moja. Toboa kopo la maziwa au la rangi chini, matundu manne au matano. Liweke chini ya upenu, mahali penye mwanga mwingi lakini mvua haipigi moja kwa moja. Chomeka kijiti ndani ya udongo. Kikitoka kikiwa na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena hadi kijiti kikauke. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye makutano ya majani, wafute kwa kitambaa chenye spiriti. Mtu akishindwa hayo, tatizo si hali ya hewa, ni uvivu wa kujifunza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Tunaita kila kitu chenye miiba "kaktasi", na hapo tunapotosha mambo. Familia ya dungusi asili yake ni Amerika. Aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ndiyo inayoota yenyewe Afrika pia, hata katika misitu ya Uganda. Nayo haina sura ya jangwa tunayoitarajia. Inaning'inia juu ya miti kama nyuzi za kijani na inapenda kivuli na unyevu. Dungusi la kwetu, basi, lingefurahia mvua ya Jinja, lakini hakuna anayelitafuta, kwa sababu halifanani na lile la kwenye simu. Mimea mingi ya miiba tunayoiona kwenye nyika zetu si madungusi hata kidogo. Ule mti mkubwa unaofanana na kinara cha mishumaa ni Euphorbia candelabrum. Ule wa vijiti vya kijani tunaozungushia maboma ni mnyaa, Euphorbia tirucalli. Ukiukata unatoa maziwa yanayounguza macho, na mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kujiumiza kwa kuushika kama dungusi. Jina sahihi si pambo la wasomi. Wakati mwingine ndilo linalookoa jicho.

Nyanya yangu, anayeishi nje kidogo ya Mbale, chini ya mabonde ya Wanale, hajui neno kaktasi. Anaujua mshubiri. Alikuwa akikata kipande na kukitia katika maji ya kuku, na alipotaka kumwachisha mtoto ziwa alijua majimaji gani ya kupaka. Kwake uchungu wa shubiri haukuwa tashbihi. Sisi tulioenda shule tumebakiwa na tashbihi, tukaupoteza mmea.

Na tunachopoteza si kidogo. Mlima Elgon umetoa jina kwa mshubiri mmoja, Aloe elgonica. Mji wa Tororo, ulio kwenye njia mojawapo ya kutoka Jinja kwenda Mbale, una wake: Aloe tororoana, uliotangazwa kwa wanasayansi mwaka 1953 na G. W. Reynolds, mtaalamu wa mishubiri kutoka Afrika Kusini. Makao yake ni ule Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali. Fikirieni hilo, wenzangu. Kuna mmea uliopewa jina la mji wetu kwa sababu makao yake ni jabali moja, nasi tunapita chini yake kwenye taksi tukitazama simu picha za madungusi ya Mexico.

Hapa lazima nikiri kosa langu, maana nisipokiri, insha hii itakuwa mahubiri ya mnafiki. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mshubiri mdogo wenye madoa meupe kwa shilingi 15,000. Muuzaji alijisifu kwamba ulitoka juu ya mwamba, si kitaluni. Mizizi yake ilikuwa imekatika na bado ilikuwa na udongo mweusi wa kwenye nyufa za jiwe. Badala ya kushtuka, nilifurahi. Niliupanda kwenye udongo mzito wa bustani, nikaumwagilia kila asubuhi, na kabla ya mwezi wa pili kwisha ulikuwa umeoza. Mishubiri hutambulika vizuri kwa maua yake, na wangu haukuishi kufikia ua. Sitajua kamwe nilikuwa nimeua nini. Fedha yangu ndiyo iliyomwambia yule muuzaji apande tena mwamba.

Ipo sheria ya kimataifa. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya madungusi na mishubiri kati ya nchi na nchi, isipokuwa ule Aloe vera wa madukani unaolimwa kila mahali. Lakini mkataba huo unatazama mipaka. Hausimami kando ya barabara kuuliza kopo linalotoka Tororo kuja Jinja limepatikanaje. Swali hilo ni letu sisi wanunuzi.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza nimelisikia kwa mwalimu wangu, kwa utani lakini si utani mtupu: watu wanatafuta chakula, nawe unapanda miiba? Nami namheshimu, lakini nauliza: makopo yangu yamechukua shamba la nani? Yapo barazani, yametengenezwa kwa taka, na mchicha wangu uko palepale chini yake. Anayejua kuusubiri udongo ukauke kabla ya kumwagilia anajifunza jambo litakalomfaa hata kwenye kitalu cha nyanya na pilipili.

Jibu la pili ni zito zaidi. Watasema ninachochea chuki dhidi ya vitu vya kigeni. La hasha. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika kama dungusi, na hakuna anayeviita vigeni mezani. Mgeni akijulikana tabia yake anakuwa mwenyeji. Hatari ni mgeni asiyejulikana. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wanaielewa vizuri. Mpungate ulipandwa kwao kama ua na pambo, ukatoroka, ukafunika malisho. Miiba yake hujeruhi vinywa na matumbo ya mifugo, hata imebidi waletewe mdudu maalumu wa kuushambulia. Kipande kimoja kikianguka chini huota. Kwa hiyo anayefuga mpungate Mbale asitupe mabaki yake kando ya mto. Ayakaushe, ayachome. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wenzangu na walimu wetu, ninayoyadai ni machache. Tusinunue mmea wowote uliong'olewa porini. Tumuulize muuzaji, na mizizi iliyokatika itujibu akidanganya. Tuanze na vile vinavyozaa bila kuchimbwa: vitoto vya mshubiri vinavyochipuka pembeni mwa mama yao, vijiti vya mnyaa vilivyoachwa siku chache jeraha likauke, majani ya mimea minene ya bustanini. Na sisi wa Kiswahili tuwe na kazi yetu maalumu: kila kopo liandikwe jina la Kiswahili, la Kilusoga au Kimasaba, na la kisayansi. Lugha inayotaka kuwa ya taifa Uganda haiwezi kuishi kwa tashbihi ambazo wasemaji wake hawawezi kuzinyooshea kidole.

Lile dungusi la dirishani lilioza mwezi wa Mei, ndani ya kikombe chake kilichojaa maji. Mshubiri wa jalalani niliukata mizizi iliyoharibika, nikauacha kivulini siku tano, nikaupanda kwenye kopo la rangi lililobaki baada ya fundi kuondoka. Sasa una vitoto vinane. Anayetaka kimoja aje na kopo lililotobolewa chini. Sitachukua hata senti, lakini kwanza nitamwomba alambe.