Fungu la Mtu Mmoja

Katika mikahawa mingi ya nyama ya kuchoma ya Korea ya Kusini iko amri ambayo haimo katika sheria yoyote ya nchi, nayo hutiiwa kuliko sheria nyingi: nyama huuzwa kuanzia mafungu mawili. Ajaye peke yake hana budi kununua fungu la pili asilolihitaji, au kuondoka. Wakiulizwa sababu, wenye mikahawa na watetezi wao hutoa neno moja lenye heshima kubwa, nalo ni desturi. Ati Mkorea hali peke yake. Ati jiko lililo katikati ya meza ni la jamaa, na alaye pekee hulivunjia heshima. Jibu hili ni tamu masikioni. Kasoro yake ni kuwa si kweli.

Yafaa kwanza kuieleza meza yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuupima ugomvi huu. Katikati yake mna jiko la mkaa au la gesi. Nyama huletwa mbichi, fungu moja likiwa na uzito wa gramu 150 hadi 200 au karibu na hapo. Iliyo maarufu kuliko zote ni samgyeopsal, yaani nyama ya tabaka tatu, itokayo tumboni mwa nguruwe. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawaigusi nyama hiyo, lakini hoja haibadiliki mezani pakiwekwa galbi, ambazo ni mbavu za ng'ombe. Nyama huzungukwa na visahani vya vitoweleo: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, machipukizi ya maharagwe, figili na vinginevyo. Vitoweleo hivyo havilipiwi, na vikiisha huongezwa. Mlaji hupewa koleo la kugeuzia na mkasi wa kukatia. Kipande kikiiva hutiwa katika jani la saladi pamoja na kitunguu saumu na rojo la maharagwe ya soya yaliyochachushwa, jani likakunjwa, nalo likaingia kinywani lote kwa mara moja.

Hapana shaka hiki ni chakula cha mikono mingi. Alaye peke yake akikunja jani, nyama yaungua. Akigeuza nyama, jani lasubiri. Hilo wenye mikahawa wanalisema na wana haki kulisema. Wasilolisema ni jinsi mikono hiyo mingi inavyogawana kazi penye kundi. Koleo hushikwa na mmoja, na aghalabu ni mdogo wa wote kwa umri au kwa cheo. Katika karamu za ofisi, ziitwazo hoesik, kijana aliyeajiriwa jana huchoma, hukata, hugawa, huwamiminia wakubwa kileo kwa mikono miwili, hucheka wanapocheka, kisha hula kilichopoa. Wanaousifu ushirika wa jiko hawaketi upande wake wa meza. Kijana huyo akirudi siku nyingine peke yake, koleo mkononi, akala kipande kilichoiva wakati uleule kilipoiva, hakumvunjia heshima mtu. Amejipumzisha utumishi kwa saa moja.

Lugha nayo huitwa mahakamani kutoa ushahidi. Neno la Kikorea la jamaa wa nyumba moja ni sikgu, na maana yake kwa asili ni vinywa vilavyo. Watu wakikutana huulizana kama wamekula wali, na swali hilo ni salamu. Kutokana na maneno hayo hujengwa hoja kwamba kula na kushirikiana ni kitu kimoja katika roho ya taifa. Lakini salamu ile huuliza kama umekula; haiulizi umekula na nani. Huenda msomaji aliyelelewa kwenye sinia za pwani akavutwa upande wa wenye mikahawa, kwa sababu kwao alaye peke yake huitwa mchoyo. Na mchoyo ni yule mwenye wa kumgawia akamnyima. Asiye na wa kumgawia amemnyima nani?

Historia huiumbua hoja ya desturi zaidi ya mantiki. Katika ufalme wa Joseon, uliosimamishwa mwaka 1392, mwungwana hakukusanyika na wenziwe kuizunguka meza moja kubwa. Kila mwanamume wa nyumba yenye hadhi aliwekewa kijimeza chake, soban, chenye bakuli zake, wali wake na mchuzi wake. Chakula cha namna hiyo kiliitwa doksang, meza ya mtu mmoja, nacho kilikuwa heshima apewayo mkubwa wa nyumba na mgeni mtukufu. Mjukuu mpenzi aliweza kula meza moja na babu yake. Wanawake walikula kando, mara nyingi jikoni. Vijimeza hivyo vingaliko katika majumba ya makumbusho ya Seoul. Meza ya pamoja kwa jamaa wote ilienea katika karne ya 20. Mikahawa ya samgyeopsal nayo ilishamiri katika miaka ya 1970 na 1980, miji ilipojaa wafanyakazi wa viwandani na majiko madogo ya gesi yalipopatikana kwa wingi. Desturi inayosingiziwa mababu ina umri mdogo kuliko baadhi ya wapishi wanaoilinda.

Ni kweli kwamba zamani waungwana walikusanyika siku za baridi kulizunguka jiko na kula nyama, na michoro ya karamu hizo ipo. Lakini karamu ni karamu. Aliyealika wageni kumi katika majira ya baridi hakuwa ametunga amri ya kuwafukuza wengine mwaka mzima.

Mwaka 2025 magazeti ya Korea yaliandika habari za tangazo lililobandikwa katika mkahawa mmoja wa tambi, nalo lazungumza kwa niaba ya kundi zima la wenye mikahawa wa fikira hizi. Tangazo lilisema kwamba mkahawa ule hauuzi upweke. Kisha likamwonyesha mteja wa peke yake njia nne: alipe bei ya watu wawili, ale chakula cha watu wawili, amwite rafiki, au aje siku nyingine na mkewe. Hebu litazamwe neno hilo la mwisho. Mwandishi wake hakuweza hata kufikiri kwamba mlaji mmoja aweza kuwa mwanamke, mjane, au mume ambaye mkewe amelazwa hospitali ya mtaa wa pili. Tena, nani aliomba kuuziwa upweke? Mteja aliomba tambi. Upweke alikuja nao mwenyewe ikiwa anao, na huenda hana. Wako watu wengi walao peke yao kwa sababu tu saa ya kula imefika. Mwuza chakula aliyejipa kazi ya kuyachunguza maisha ya wateja wake kabla ya kuwapakulia ameacha biashara na kuingia uhakimu.

Na walaji hao si wachache. Kwa hesabu za idara ya takwimu ya Korea, kaya za mtu mmoja zilikuwa asilimia 15.5 ya kaya zote mwaka 2000. Mwaka 2023 zilifika asilimia 35.5, yaani zaidi ya moja katika kila tatu. Lugha yenyewe, ileile iliyoitwa kushuhudia, imezaa neno jipya: honbap, mlo wa mtu peke yake. Humo mna vijana, naam, lakini mna wazee waliofiwa, madereva watokao kazini alfajiri, na wanafunzi waliopanga vyumba ambamo kitanda na meza vimemaliza nafasi yote. Kumwambia mtu wa chumba kama hicho akachome nyama kwake ni kumdhihaki. Moshi wa mafuta ungemtoa yeye kwanza, kisha majirani.

Nchi hiyohiyo ina sheria ya kuzuia vifo vya upweke, iliyoanza kutumika mwaka 2021. Kwa hesabu ya serikali watu 3,661 walikufa vifo vya namna hiyo mwaka 2023. Mwezi wa Oktoba 2024 jiji la Seoul lilitangaza mpango wa miaka mitano wa kupambana na upweke. Hakuna mwenye akili awezaye kudai kwamba fungu la nyama lingewaokoa marehemu wale. Yadaiwa jambo dogo zaidi: si busara serikali iwabembeleze watu wa peke yao watoke vyumbani, nao wakitoka wakute mlango wa mkahawa wa jirani unawarudisha ndani.

Lawama moja ndogo iwaendee pia baadhi ya watetezi wa walaji hao. Vijana wamezoea kupanga ngazi za mzaha za kula peke yako: chini kabisa ni duka la mtaani, na karibu na kilele ni mkahawa wa nyama ya kuchoma. Mzaha huu unachekesha, lakini unaitia nguvu hoja ya upande wa pili, kwa kuwa unamfanya mtu mwenye njaa aonekane kama shujaa apandaye mlima. Mwenye kula nyama yake hahitaji kupigiwa makofi, kama asivyohitaji kuzomewa.

Ikiondolewa desturi, hubaki fedha, na hapo ndipo maneno ya kweli yalipokuwa yamefichwa. Mkaa uwashwao kwa mtu mmoja ni uleule uwashwao kwa wanne. Wavu wa kuchomea huoshwa vilevile. Vitoweleo hujaza visahani vilevile, na meza ya viti vinne huliwa na kiti kimoja. Watu wanne huagiza tena na tena, pamoja na vileo, mmoja hushiba. Hii ni hoja halali ya mfanyabiashara, nayo ingesemwa hivi tangu mwanzo isingemchukiza mtu. Ila hoja ya fedha hujibiwa kwa fedha. Tangu mwaka 2013 mikahawa ya Korea imetakiwa kuonyesha bei ya nyama kwa kila gramu 100, kwa hiyo nyama imekwisha kukubali kugawanyika. Mkaa na vitoweleo navyo vyaweza kutajiwa bei yake kwa ajaye peke yake. Japani, ambako ulaji wa nyama ya kuchoma mezani ulienezwa sana na wahamiaji kutoka Korea, mkahawa uitwao Yakiniku Like ulifunguliwa Tokyo mwaka 2018, kila mlaji akiwa na jiko lake dogo mbele yake, nao ukazaa matawi. Korea yenyewe imo mikahawa iliyofanya vivyo hivyo. Basi lisemwe lolote, lisisemwe kuwa haiwezekani.

Husemwa mwisho kwamba meza ni chache jioni, watu watokapo kazini. Hilo nalo ni kweli. Basi ubao wa mlangoni uandike hivyo: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku meza za wanne ni za wanne; saa nyinginezo fungu moja lauzwa, na bei yake ni hii, pamoja na mkaa. Mlaji mmoja atakayefika saa moja ataisoma, atageuka, atarudi kesho saa tisa alasiri jiko likiwa halina mtu, wala hatakuwa ameulizwa mkewe yuko wapi.