Safari ya ibada isibebwe na kadi ya riba

  

Ndugu Waislamu, safari ya ng'ambo si jambo la watu wa Dar es Salaam na Zanzibar peke yao. Haydom, mji mdogo wa Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, umejulikana mbali kwa hospitali yake ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norway. Tangu hapo wageni wa Ulaya wamekuwa wakiingia mjini humo. Leo wenyeji nao wanatoka. Mfanyabiashara wa nafaka anakusudia Umra. Mfugaji aliyeuza ng'ombe mnadani ananuia Hija. Mwingine anampeleka mgonjwa wake India au anafuata bidhaa Dubai. Kila mmoja wao, kabla hajapanda basi la kwenda Arusha, hukutana na swali moja: Una kadi?

Swali hilo lina msingi. Tiketi za ndege na vyumba vya hoteli hulipiwa kwa njia ya intaneti. Saudi Arabia yenyewe ilianzisha jukwaa la Nusuk mwaka 2022, ambamo anayekwenda Umra anaweza kupanga safari yake na kulipa kwa kadi. Kutembea na mabunda ya fedha katika msongamano wa Makka ni hatari inayojulikana. Hivyo kadi ni chombo, na asili ya vyombo ni halali. Linalotupasa kuchunguza ni mkataba uliomo ndani yake.

Kadi zinafanana, mikataba haifanani

Wengi hudhani kwamba kila kadi yenye alama ya Visa au Mastercard ni sawa na nyingine. Sivyo. Alama hiyo huonyesha mtandao unaopitisha malipo tu. Haisemi fedha inayolipwa ni ya nani.

Aina ya kwanza ni kadi iliyofungwa kwenye akaunti ya mteja. Ukinunua, benki hukata fedha yako mwenyewe. Ikiwa haipo, malipo hukataliwa. Ya pili ni kadi ya kujaza fedha kabla: unaweka kiasi ulichokusudia, unatumia mpaka kinakwisha. Huduma za fedha za simu nazo hutoa kadi pepe za namna hii kwa malipo ya intaneti. Ya tatu ni kadi ya mkopo. Hapa benki hulipa kwa niaba yako mpaka kikomo ilichokuwekea, kisha hukudai. Ukilipa deni lote ndani ya muda wa msamaha hutozwi riba ya manunuzi. Ukilipa sehemu tu, kinachobaki huzaa riba. Na ukichukua fedha taslimu kwa kadi hiyo, kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, bila muda wa msamaha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijana amewalipia wazazi wake Umra kwa kadi ya mkopo, shilingi 4,000,000, na tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza peke yake riba ni shilingi 120,000. Akiwa kila mwezi analipa riba hiyo tu, baada ya miezi kumi atakuwa ametoa shilingi 1,200,000, na deni la milioni nne bado limesimama pale pale. Wazazi wamerudi na maji ya Zamzam, mtoto amebaki na mzigo.

Hukumu ya Sharia

Allah (S.W.) ametubainishia katika Suratul-Baqara, aya ya 275 hadi 279, kwamba biashara ni halali na riba ni haramu, na kwamba asiyeiacha riba atambue kuwa yuko vitani na Allah na Mtume Wake. Hatujui dhambi ya mali iliyotajwa kwa kitisho kikubwa kuliko hiki.

Kuhusu kadi zenyewe, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Riyadh Septemba 2000 na kutoa azimio lake namba 108. Liliamua kuwa haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muda wa msamaha. Sababu ni kwamba anapotia saini, amekwisha kukubali kulipa riba iwapo atachelewa. Kadi isiyo na sharti hilo imeruhusiwa, na benki inaweza kutoza ada ya kuitoa au kuihuisha kwa kadiri ya huduma. Ada ya kutoa fedha taslimu nayo inafaa iwapo ni kiwango kimoja, kisichopanda kwa ukubwa wa mkopo wala urefu wa muda. Azimio hilo lilikataza pia kununua dhahabu, fedha au sarafu kwa kadi ya mkopo. Baadaye, katika kikao cha Muscat cha Machi 2004, Baraza liliruhusu manunuzi hayo kwa kadi inayokata fedha ya mteja mwenyewe. Akina mama wanaopenda kuleta bangili za dhahabu kutoka Makka walizingatie hili.

Wapo wanazuoni walioona nafuu kwa Waislamu wa nchi za Magharibi ambao maisha yao yamezungukwa na kadi hizo, kwa sharti la kulipa kabla ya riba kuingia. Tunaheshimu ijtihadi yao. Lakini Muislamu wa Haydom, wa Katesh au wa Babati ana kadi ya akaunti yake mwenyewe, ana kadi ya kujaza fedha, na anaweza kulipia safari kwa wakala kwa shilingi. Palipo na njia ya halali iliyo wazi, dharura haina mahali pa kusimama.

Uwezo ni nini?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Allah (S.W.) ameifaradhisha Hija kwa mwenye kuiweza njia yake (3:97). Wanazuoni wameueleza uwezo huo kuwa ni masurufu na usafiri, baada ya kulipa madeni na kuwaachia watu wa nyumbani matumizi ya kuwatosha mpaka atakaporudi. Kikomo cha mkopo kilichoandikwa na ofisa wa benki hakimo katika tafsiri hiyo. Kadi ya mkopo haimfanyi asiye na uwezo kuwa na uwezo. Inamwonyesha tu kivuli cha mali ya mwenzake.

Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba baadhi ya watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakidai kuwa wanamtegemea Allah, kisha wakifika Makka huomba watu. Ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu (2:197). Basi ikiwa aliyefika mikono mitupu amekatazwa, vipi anayefika na deni lenye riba? Hija yake, ikitimia nguzo na sharti zake, husihi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Lakini dhambi ya mkataba inabaki shingoni mwake.

Tukumbuke pia habari iliyomo katika Sahihi Bukhari. Liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), akaambiwa kuwa maiti anadaiwa dinari 3 na hakuacha cha kulipia. Akawataka Masahaba wamsalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Dinari tatu!

Namna ya kuchagua na kutumia

Kwanza, anza na akaunti. Hapa nchini Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikifuata misingi ya Sharia, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo, kama Al Barakah ya CRDB iliyoanza mwaka 2021. Popote uwekapo fedha, omba kadi inayokata fedha yako, uliza kama inafanya kazi nje ya nchi na kwenye intaneti, na uombe maandishi ya ada zote.

Pili, waarifu benki nchi na tarehe za safari, usije ukazuiwa ugenini kwa kudhaniwa mwizi. Hakikisha namba yako ya simu itapokea ujumbe huko uendako, kwani namba za siri za kuthibitisha malipo hutumwa kwa simu.

Tatu, mashine ya dukani au ya kutolea fedha ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi kitakuumiza. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye 3.75 kwa dola moja tangu mwaka 1986, hivyo hesabu yake ni rahisi kuikagua.

Nne, baadhi ya hoteli huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi unapoingia. Kwa kadi ya akaunti, fedha hiyo hukaa imefungwa kwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka. Uliza mapema kama wanapokea dhamana taslimu. Beba kadi ya pili na fedha taslimu kidogo, na usiviweke vyote katika mkoba mmoja.

Tano, usimtumie mtu yeyote picha ya kadi yako kwa simu, hata akijiita wakala wa Hija. Namba zilizomo humo ndizo ufunguo wa akiba yako.

Enyi vijana mnaotamani kuwapeleka wazazi Makka, nia yenu ni njema na malipo yake yako kwa Mola wenu. Wekeni kidogo kidogo kila mavuno na kila mshahara. Mzee akifariki kabla akiba haijatimia, hakuwa na deni la Hija mbele ya Allah, kwa sababu hakuwa na uwezo. Na nyinyi wazee, mwanao akikuletea tiketi, muulize kwa upole ameilipa kwa fedha gani.

Tunamwomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake, na aturuzuku ziara ya Nyumba Yake tukufu kwa mali iliyo safi. Wabillahi tawfiq.