Uvimbe wa saratani si kitu bapa

Kwa miongo mingi wataalamu wamekuwa wakikuza seli za saratani kwenye visahani vya maabara. Seli hutandazwa kama mchele kwenye ungo, hutiwa dawa, kisha huhesabiwa zilizokufa. Njia hiyo ni rahisi na imetuletea mengi. Lakini saratani ndani ya mwili haikai hivyo. Ni uvimbe wenye urefu, upana na kina.

Katika uvimbe, seli za nje hupata hewa na chakula. Za katikati hukosa hewa, huzaliana polepole, na dawa huzifikia kwa shida. Kwenye kisahani bapa, zote hupata sawasawa. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa nyingi kung'ara maabarani na kushindwa hospitalini.

Mwaka 1997 kundi la Mina Bissell huko California lilikuza seli za saratani ya matiti ndani ya uteute unaofanana na mazingira ya mwilini. Zilipozuiwa kupokea ishara fulani kutoka nje, seli hizo zilirudia mpangilio wa kawaida, ingawa kasoro za jeni zao zilibaki. Mwaka 2009 kundi la Hans Clevers nchini Uholanzi lilikuza vijiutumbo vidogo kutokana na seli moja ya panya. Vijiumbo hivyo huitwa oganoidi, na leo hukuzwa pia kutokana na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe.

Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa London mwaka 2018, kwa wagonjwa wachache wa saratani za njia ya chakula, ulionyesha kwamba dawa iliyoshindwa kwenye oganoidi ilishindwa kwa mgonjwa pia kila mara. Iliyofaulu, ilifaulu kwa mgonjwa mara 88 katika 100.

Sisemi kwamba hii ni tiba. Oganoidi kwa kawaida hazina mishipa ya damu wala askari wa mwili, na kuzikuza ni ghali. Ninachouliza ni hiki: ni uvimbe wa nani unaokuzwa?

Seli zetu zimewahi kutumika. Mwishoni mwa mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa Burkitt kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi Uingereza. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuwa wameona ndani ya seli hizo virusi ambavyo leo dunia inavijua kwa majina ya Epstein na Barr. Malighafi ilitoka kwetu, maabara ilikuwa kwao.

Leo tazama saratani ya umio, inayotesa watu kuanzia Ethiopia hadi Malawi. Aina iliyo nyingi kwetu huanzia kwenye utando wa ndani wa umio. Marekani na Uingereza inayoongoza ni ya seli za tezi, karibu na tumbo. Dawa iliyopimwa kwenye uvimbe wao haina lazima ya kufaa kwenye wetu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa hiyo nazishauri serikali za ukanda huu zisikae zikisubiri. Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo tangu mwaka 1967, na Dar es Salaam ipo Ocean Road. Nchi zetu zichangie maabara moja ya pamoja ya kukuza seli hizi, zisomeshe vijana wa kuiendesha, na zihakikishe umeme haukatiki, kwa maana friji ikizima usiku mmoja, kazi ya mwaka imepotea.

Zaidi ya yote, mgonjwa aulizwe. Kipande cha mwili wake kisichukuliwe bila ridhaa yake, wala kisivuke mpaka bila mkataba unaosema faida itarudi kwa nani. Tukifanya hivyo, safari hii hatutakuwa watoaji wa malighafi tu.