Vita Hupewa Jina Tamu

Wasee, swali rahisi tu. Nani anaweza kusimama aseme hataki kulinda nchi?

Hakuna. Na hapo ndipo tulishikwa. Oktoba 2011 jeshi letu lilivuka mpaka likaingia Somalia, na operesheni ikaitwa Linda Nchi. Mimi nilikuwa mtoi wa shule ya msingi. Tulicheza KDF na Al-Shabaab nyuma ya darasa, na kwa vile hakuna aliyekubali kuwa Al-Shabaab, tuliwalazimisha watoto wa darasa la kwanza. Lile jina lilikuwa limefanya kazi hata kwetu sisi.

Msinielewe vibaya. Watalii walitekwa kule Lamu, wafanyakazi wa misaada wakachukuliwa Dadaab. Hiyo haikuwa hadithi. Shida yangu ni neno. Kuvuka mpaka na vifaru ni uamuzi, na uamuzi una maswali: tunaenda hadi wapi, tunarudi lini, mambo yakiharibika je? Lakini ukiuita kulinda, anayeuliza anageuka msaliti. Ati anatetea magaidi.

Na maswali tuliyahitaji, bana. Westgate, 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ikavamiwa, na serikali haikutuambia wazi ni wanajeshi wangapi walikufa. Sisemi kila shambulizi lililetwa na operesheni. Nasema tuliahidiwa ulinzi, halafu tulipotaka hesabu tukapewa neno lingine tamu: mashujaa. Ni mashujaa kweli. Lakini shujaa ana jina, ana mama, na huyo mama hafai kujua habari za mtoto wake kupitia uvumi wa simu.

Si sisi pekee. Bush alivamia Iraq 2003 akaita uhuru, na zile silaha za maangamizi hazikupatikana. Putin alipotuma jeshi Ukraine Februari 2022, aliita operesheni maalumu ya kijeshi. Machi wakapitisha sheria: ukieneza kile serikali inaita habari za uongo kuhusu jeshi, unaweza kufungwa hadi miaka 15. Yaani neno limewekewa askari wa kulilinda!

Halafu kuna lile neno "sisi". Sisi tutapigana, sisi hatutarudi nyuma. Sisi gani? Anayesema yuko kwa kiti, na mlinzi nyuma yake.

Kaka ya beshte yangu anajiandaa kwa usajili wa KDF. Kila asubuhi anakimbia, anajua urefu wanaotaka, anajua hadi meno huangaliwa. Juzi nikamuuliza akitumwa Somalia, ambako bado tuko, ataenda kufanya nini.

"Kulinda nchi."

Nikamuuliza hadi lini. Akacheka, akafunga kamba za viatu.