Shule binafsi zianzie darasa la awali

Mhariri,

Tangu Januari 2016, shule za umma Tanzania Bara hazitozi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Hivyo shule binafsi hulazimika kuwavuta wazazi kwa ubora, na ubora huo huonekana kwanza katika darasa la awali. Mzazi makini hutazama mambo matatu: mwalimu aliyesomea ualimu wa watoto wadogo, idadi ya watoto anayoimudu, na nafasi ya kucheza. Mtoto wa miaka mitano hujifunza kuhesabu kwa vizibo na kusikiliza kwa hadithi na nyimbo, si kwa kunakili ubaoni kutwa nzima. Majengo ya kupendeza hayazibi pengo la kukosa mambo hayo. Wamiliki wa shule wawekeze kwanza kwa mwalimu wa awali. Mzazi aliyeridhika humleta na mtoto anayefuata.

Msomaji,
Morogoro